Dawa ya paka imemwagikia manyoya badala ya kuingia mdomoni, nifanyeje wadau?

Mama_Chausiku (Mikindani), Ijumaa saa 1:52 usiku

Wadau habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nina paka dume anaitwa Kangomba, kama ule ulanguzi wa korosho nje ya mnada, jina tulimpa sababu ya wizi, kitu chochote ukiweka mezani kinaondoka bila stakabadhi. Wiki hii kapigana na madume ya huko ufukweni kwenye mitumbwi, karudi na jeraha shavuni likatunga usaha, bwana mifugo akaja akalikamua akaniachia antibayotiki ya maji, mililita moja asubuhi moja jioni kwa siku saba, na bomba la sindano ila sindano yenyewe kaitoa. Siku mbili za mwanzo tumeenda vizuri. Leo sasa nimemshika peke yangu mana mwanangu yuko msikitini, nimemfungua mdomo nimebonyeza, huyu bwana kageuza shingo, dawa yote pwaa kifuani kwake na nyingine kwenye kanga yangu. Manyoya yameshikana kama yamepakwa asali, anajilamba halafu anatoa povu jeupe mdomoni huku anatikisa kichwa.

Sasa hiyo anayoilamba inahesabika kama kapata dozi au nimpe nyingine? Na hilo povu ni sumu au? Na kifua nimuoshe au nimwache ajisafishe mwenyewe, si ndio kazi yao hiyo? Naomba majibu ya kweli, utani najua mtaleta tu ila uje baadae.

Uraka_Baridi, saa 1:58 usiku

Paka anaitwa Kangomba halafu unashangaa kakwepa dozi, huyo hata mnada anaukwepa 😂 Niko siti ya mbele nasubiri wataalamu.

DogoMasasi, saa 2:03 usiku

Mpe nyingine tu mama, antibayotiki haina noma. Mi kuku wangu naweka kwenye maji kwa kukadiria na wanadunda.

Mama_Chausiku, saa 2:05 usiku

Dogo huyu sio kuku.

Mzee wa Feri, saa 2:20 usiku

Dada pole. Povu lisikutishe, mi nilishawahi kumfunga paka kwenye shuka nampeleka kuzika kumbe mzima. Sio utani. Mke wangu alikuwa anampa kidonge cha minyoo, kidonge kikavunjikia mdomoni, paka akaanza kutoa povu kama sabuni ya unga, akakimbia akajibana nyuma ya pipa kimya, watoto wanalia, mi nimetoka zamu Msangamkuu nimechoka nikasema basi huyu kafa, nikamzungushia shuka. Nafika kwenye mchongoma nje akanichana mkono akaruka. Ni uchungu wa dawa tu. Paka akionja kitu kichungu mate yanamtoka mengi na yanakuwa povu sababu anatikisa kichwa na kutafunatafuna, hata akijilamba dawa iliyomwagika kifuani ni hivyohivyo. Lakaa nusu saa liishe. Lisipoisha, au akianza kutetemeka au kutapika tapika ndio hadithi nyingine.

Halafu acha kumpa dawa umemkabili uso kwa uso kama mnagombana. Mfunge kwenye kanga mwili mzima abaki kichwa tu, mweke mapajani mgongo wake ukuelekee wewe, bomba lipite pembeni ya mdomo pale nyuma ya jino refu, huna haja ya kumfungua mdomo, unasukuma kidogokidogo anameza. Ukimpiga yote katikati ya koo inaweza ikaingia mapafuni.

bwanamifugo_mstaafu, saa 2:47 usiku

Habari zenu. Nimefanya kazi ya mifugo Newala na Nachingwea miaka mingi, sasa nipo nyumbani na korosho zangu. Mzee wa Feri amesema sawa kuhusu povu na kuhusu kumshika.

Mama Chausiku, dozi usirudie. Hujui ameingiza kiasi gani, inawezekana robo, inawezekana nusu, na kwa kulamba ameongeza kidogo. Ukimpa nzima tena unaweza kumzidishia, na antibayotiki ikizidi kitu cha kwanza utakachoona ni kuhara na kukataa chakula, na paka mgonjwa asipokula siku mbili tatu ini lake linapata shida. Subiri dozi ya asubuhi kwa muda wake. Kesho mpigie huyo mwenzangu aliyekupa dawa umweleze kwamba moja ilimwagika, ataamua kama aongeze siku. Na uangalie karatasi ya chupa, dawa hizi zinazokuja unga ukachanganywa na maji nyingi zinadumu siku 7 hadi 14 tu, na zipo zinazotaka friji.

Kifua mfute leo leo. Kitambaa safi, maji vuguvugu, unaloanisha unaacha dakika moja sukari ilainike halafu unafuta kuelekea manyoya yalikolala, unasuuza kitambaa, unarudia. Usivute na kitana mana ngozi ya paka ni nyembamba, utamuumiza. Yakishikana kabisa, kata ncha na mkasi mdogo huku vidole vyako viko kati ya mkasi na ngozi.

Ila nataka watu wote wanaosoma hapa waelewe jambo moja. Kwa paka hakuna dawa ya nje. Ulimi wake una vijiiba vigumu vinavyoangalia nyuma, unakuna manyoya kama msasa na kila kinachokutwa kinamezwa. Kwa hiyo kikimwagikia kitu, swali sio kama ngozi itaungua, swali ni hiki kitu kikiingia tumboni itakuwaje. Dawa aliyoandikiwa yeye mwenyewe kama hii, shida ni uchafu. Dawa ya mnyama mwingine, hapo ndio tunakimbia.

Mama_Chausiku, saa 3:10 usiku

Ahsante sana mzee wangu, Mungu akuweke. Nimemfuta, kanitukana kwa lugha yake ila nimemfuta.

KoroshoGhafi, saa 3:31 usiku

Naongezea hapo kwa sisi wa Tandahimba na Newala. Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho paka anarudi nyumbani wa njano kama ndizi anapiga chafya macho yanachuruzika. Ule ni unga, usiwahi kumwagia maji kwanza utamfanya uji, mpanguse na brashi kavu nje ya nyumba, wewe mwenyewe funga kitambaa puani, halafu ndio unafuta na kitambaa kibichi, macho unasuuza na maji safi tu. Ila kama shambani wamepiga zile za maji za kuua wadudu, ile ni habari nyingine kabisa, hiyo ndio anayosema mzee hapo juu. Na mafuta ya ganda la korosho ndio baba lao, wanaobangua kwa mkono wanajua yanavyobabua vidole, sasa fikiria ulimi.

Uraka_Baridi, saa 3:40 usiku

Kumbe kusini tunaishi na mitego ya paka kila kona aisee

Mama_Chausiku, Jumamosi saa 12:35 asubuhi

Mrejesho. Jamani nimecheka peke yangu asubuhi hii. Kumbe jana gizani nimefuta kifua nikasahau kwapa la kulia, nimeamka kumpa dozi namkuta Kangomba kakaa kwenye mkeka anaangalia mguu wake kwa mshangao, sisimizi wamepanga mstari kutoka ukutani, wamepita kwenye mkeka, wamepanda mguu wa mbele mpaka kwapani wanachota sukari ya dawa. Mstari umenyooka kama wa watu wa kupiga kura. Hata hawajamng'ata, wako kazini. Nimemuosha mguu wote na maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo nikamsuuza. Dozi ya asubuhi nimempa kwa staili ya Mzee wa Feri, kanga, mapajani, pembeni ya jino, kameza yote. Hakuna hata tone.

Mzee wa Feri, saa 1:15 asubuhi

Hao sisimizi wangempeleka shimoni mzimamzima na jina lake lile 😂 Vizuri dada.

DogoMasasi, saa 1:40 asubuhi

Kama shavu linamuuma si mumpe na panado robo apoe

bwanamifugo_mstaafu, saa 1:52 asubuhi

Dogo, hapana, hapana. Panadoli inaua paka, na haihitaji nyingi. Fizi zinageuka rangi ya kahawia, uso unavimba, damu inashindwa kubeba hewa. Hata robo usijaribu. Futa hiyo kichwani kabisa.

DogoMasasi, saa 1:55 asubuhi

Sawa mzee nimeelewa, nisamehe. Sikujua.

binti_ngapa (Lindi), Jumamosi saa 12:44 jioni

Naomba niingilie uzi wa watu samahani sana mwenye uzi, nimetafuta nikaona huu ndio unafanana. Shikamoo babu bwana mifugo kama upo. Kaka yangu alikuwa anataka kuogesha mbwa na mbuzi dawa ya kupe, dawa ameinunua juzi dukani akapimiwa kwenye chupa ya juisi haina karatasi, kaiweka juu ya benchi na kifuniko hakijakaza, mbwa kapita kaligonga benchi chupa imeanguka na chini yake alikuwa kalala paka wetu Pilau, ni jike ana kama miaka miwili. Imemmwagikia kuanzia mabegani mpaka mkiani. Sio iliyochanganywa na maji, ile yenyewe. Ilikuwa kama saa kumi na moja na nusu. Nimemfuta na tambara, nikammwagia maji ya kopo, maji yalipogusa manyoya yakawa meupe kama maziwa na inanuka kama mafuta ya taa. Mpaka sasa hajambo ila anajilamba sana na mate yanamtoka. Mama anasema nimpe maziwa yapooze sumu. Je nimpe?

Uraka_Baridi, saa 12:47 jioni

Hapa sina utani. Mzee yuko wapi? Nimempigia kelele inboksi.

Fundi_Rahaleo, saa 12:49 jioni

Mpe maziwa na mkaa uliosagwa haraka, alafu chukua mafuta ya taa kidogo umpanguse, dawa za mafuta zinatolewa na mafuta, mi rangi natoa hivyohivyo mikononi

KoroshoGhafi, saa 12:51 jioni

We fundi usimuue paka wa watu! Mafuta ya taa yenyewe ni sumu, akilamba yanaingia mapafuni. Binti USIFANYE hilo la mafuta ya taa. Sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, anza sasa hivi usisubiri mtu.

bwanamifugo_mstaafu, saa 12:56 jioni

Marahaba binti yangu. Nipo. Soma huku unafanya.

Maziwa usimpe, hayapoozi chochote, na ukimlazimisha mtu anayetokwa mate kumeza utampalia. Mkaa wa jikoni usimpe. Usimtapishe. Dawa ya namna hiyo imechanganywa na mafuta, ikirudi juu inaingia mapafuni.

Kwanza muwahi asijilambe. Mfunge kanga kichwa kiwe nje huku mwenzako anaandaa maji. Vaeni mifuko ya plastiki mikononi, nyie pia ngozi yenu inanyonya. Maji yawe kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, jaribu kwa kiwiko. Ya moto yanafungua mishipa ya ngozi dawa inanyonywa zaidi, na ya baridi yanamshusha joto, na hii dawa kama ni ninayoidhani mwili ukipoa kutetemeka kunazidi. Sabuni ya vyombo ya maji, ile inayokata mafuta, sio sabuni ya dawa na hasa sio ile ya kuulia vijidudu inayogeuka nyeupe ukiitia majini, hiyo nayo ni sumu kwa paka. Paka sabuni pale penye dawa kabla ya kumwaga maji mengi, sugua mpaka kwenye ngozi, suuza, paka tena, suuza. Mara tatu. Kichwa na macho viachie maji matupu. Ukimaliza mkaushe kabisa na taulo na umweke penye joto, sio kwenye moto.

Kubadilika kuwa nyeupe kama maziwa na harufu ya mafuta ya taa kunaniambia hiyo ni dawa ya josho iliyo kwenye mafuta. Ila zipo aina tofauti. Kaka yako aende kwa huyo muuzaji sasa hivi, hata nyumbani kwake, apige picha karatasi ya dumu kubwa alilopimia. Nataka jina lile dogo la ndani sio jina kubwa la biashara. Likiishia na herufi "thrin" niambie mara moja.

Na mkimaliza kumsuuza mtafuteni bwana mifugo wa kata au wa wilaya, msisubiri aanze kuumwa.

Fundi_Rahaleo, saa 1:02 usiku

Mzee samahani mi nilidhani inasaidia. Nipo Rahaleo hapahapa Lindi, kama kuna anayehitaji kupelekwa mahali nina pikipiki. Binti niandikie inboksi.

binti_ngapa, saa 1:38 usiku

Tumemuosha mara tatu. Nimechanwa mikono yote miwili na shingo. Mara ya kwanza povu lilikuwa jeupe linanuka, ya pili kidogo, ya tatu harufu imebaki kwa mbali mkiani. Mama ndio alikuwa anasuuza, aliyesema maziwa ndio kawa fundi mkuu. Kaka kaenda kwa muuzaji na huyo Fundi, Mungu ambariki. Pilau yuko kwenye taulo mapajani kwangu, amelowa anaonekana kama panya buku. Mate yamepungua. Ila masikio yanachezacheza, yani yanadunda kidogo kila baada ya sekunde kadhaa kama anafukuza nzi na nzi hakuna.

bwanamifugo_mstaafu, saa 1:41 usiku

Masikio kuchezacheza na miguu kujikung'uta ndio mwanzo wake. Mmemwita bwana mifugo?

binti_ngapa, saa 1:43 usiku

Tumempigia wa kata hapokei. Jirani ana namba ya mwingine anampigia.

binti_ngapa, saa 2:09 usiku

Picha imekuja kutoka kwa kaka. Imeandikwa cypermethrin, ndio inaishia hivyo mzee. Muuzaji anasema "ni ya kupe tu haina madhara, watu wote wananunua." Na ngozi ya mgongoni kwa Pilau sasa inacheza yenyewe, inatembea kama ngozi ya ng'ombe akiguswa na mbung'o. Naogopa.

bwanamifugo_mstaafu, saa 2:15 usiku

Sipermethrini. Kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa ikichanganywa na maji kwa kipimo ni dawa ya kawaida, muuzaji hajadanganya hapo. Shida ni paka. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuzivunja dawa za jamii hii na kuzitoa, kinachotoka haraka kwa mbwa kwa paka kinabaki kinazunguka, na kinachofanya ni kuiacha mishipa ya fahamu wazi, inatuma ishara bila kupumzika. Ndio huko kucheza kwa ngozi. Ndugu yake permethrini ndio iko kwenye yale matone ya viroboto ya mbwa ya kudondoshea shingoni, na huko mijini paka wengi wanaumia kwa sababu mtu anagawa dozi ya mbwa na paka.

Habari njema ni kwamba mmemuosha mapema, ndani ya masaa mawili, iliyobaki ya kuingia ni kidogo. Hakuna dawa ya kuifuta iliyokwisha kuingia, lakini mwili unaitoa wenyewe kama tukimzuia degedege kwa siku moja hadi tatu. Kwa hiyo tunahitaji sindano ya kutuliza misuli, na hiyo anayo mtaalamu, wewe usimpe kidonge chochote cha binadamu. Mwambie atakayekuja jina la dawa, saa ilipomwagika na uzito wa paka. Panda naye kwenye mizani ya dukani, kisha panda peke yako, toa.

Zima taa kali. Punguzeni kelele, redio zima, watoto nje. Kila kelele inamshtua na kila mshtuko ni mtetemo. Akipata degedege kamili usimshike mdomo, ondoa vitu vigumu karibu yake na mbebe hivyohivyo kwenye boksi kwenda kwa mtaalamu.

Mama_Chausiku, saa 2:20 usiku

Mdogo wangu binti_ngapa usijali kuhusu uzi, ni wako leo. Tuko na wewe. Kangomba anakusalimia hana hata habari.

binti_ngapa, saa 3:27 usiku

Amekuja. Yule wa jirani, na pikipiki yake na begi. Kilo tatu na robo. Kamchoma sindano ya kutuliza na kamuwekea maji chini ya ngozi hapa mabegani kimevimba kama kanundu. Amesema vizuri mlivyomuosha, ametuonyesha mkiani bado kuna mafuta kwenye shina la manyoya, akanyoa hapo kabisa na mashine. Amesema nimpige simu akizidi, hata saa nane usiku. Hajataka kutaja bei mpaka kesho. Kaka amekaa nje hajaingia ndani, anajiona yeye ndio mkosaji.

Mzee wa Feri, saa 3:35 usiku

Mwambie kaka yako aingie ndani ale. Chupa zisizo na karatasi tunazo wote, mi mwenyewe nina ya mafuta ya injini imeandikwa maji ya kunywa.

binti_ngapa, Jumapili saa 10:15 alfajiri

Sijalala. Saa saba alitetemeka mwili mzima kama dakika mbili, nikampigia daktari akaja tena akamuongezea. Sasa kalala, anapumua vizuri. Masikio bado yanacheza ila sio kila saa. Nimemtengenezea shingoni duara la boksi la biskuti asijilambe, kaka ndio kakata, kakata la kwanza kubwa likamziba na macho, la pili limekaa.

bwanamifugo_mstaafu, saa 11:05 alfajiri

Nami nimeamka kuswali nikaangalia hapa. Vizuri sana. Akiamka mpe maji kwa kijiko karibu na mdomo, alambe mwenyewe. Chakula akikitaka. Asiwe na baridi, mguse masikio na nyayo.

Uraka_Baridi, saa 1:30 asubuhi

Nimelala na simu mkononi kama nasubiri matokeo ya mtihani. Haya mrejesho mwingine tafadhali.

binti_ngapa, Jumapili saa 9:50 alasiri

Ameamka mchana, akasimama akayumba kama mlevi akakaa. Nimempa maji kalamba. Saa tisa nimemwekea dagaa wawili wa kuchemsha bila chumvi, kala mmoja, wa pili kauangalia tu. Daktari kaja mara ya tatu kasema mtetemo uliobaki utaisha kesho au keshokutwa. Nyuma kanyolewa mpaka ngozi, mkia unaonekana kama wa panya. Mama anamwita bibi harusi.

DogoMasasi, saa 10:02 alasiri

Aisee safi sana. Mi nimetoka sasa hivi kuangalia ile dawa ya kunguni nyumbani imeandikwaje nyuma. Inaishia na thrin. Na paka wangu analala juu ya hilo godoro.

bwanamifugo_mstaafu, saa 10:09 alasiri

Ikishakauka kabisa na chumba kimepitisha hewa hatari inapungua sana, lakini mbichi asikaribie, na usimpulizie yeye mwenyewe hata siku moja. Mtoe kwenye hilo godoro leo.

Mama_Chausiku, Jumatatu saa 2:00 asubuhi

Kangomba dozi ya leo asubuhi imeingia bila ajali, mbili kwa siku jamani na bado zimebaki. Sasa akisikia tu nafungua droo ya bomba anajiingiza mwenyewe chini ya kitanda. Pilau vipi?

binti_ngapa, saa 2:26 asubuhi

Anatembea dada. Kala dagaa watatu na kamkwaruza kaka alipomvua boksi. Mtetemo umebaki kidogo kwenye sikio la kushoto. Daktari tumemlipa, Fundi kakataa hela ya mafuta. Nawashukuru wote sana, babu wewe hasa.

bwanamifugo_mstaafu, saa 2:40 asubuhi

Namshukuru Mungu. Hiyo chupa ya juisi iko wapi sasa?

binti_ngapa, saa 2:44 asubuhi

Kaka kaandika SUMU kwa maka nyekundu pande zote mbili, kafunga kwa mpira wa baiskeli. Kairudisha juu ya benchi.

bwanamifugo_mstaafu, saa 2:45 asubuhi

Itoe kwenye benchi.

binti_ngapa, saa 2:51 asubuhi

Imetoka. Iko stoo kwenye sanduku la chuma, ufunguo anao mama.